Watu 40, Farasi 8: Historia ya Kazi ya Behewa la Mizigo la Reli za Ufaransa, 1870–1949

1.0 Utangulizi

Maandishi mengi kuhusu historia ya reli hujikita katika injini, madaraja, na kampuni zilizomiliki njia. Behewa la mizigo hutajwa kwa idadi tu, kama sehemu ya takwimu za shehena. Hata hivyo, lipo behewa moja la mizigo ambalo limepata umaarufu usio wa kawaida, nalo ni lile behewa dogo la mbao la reli za Ufaransa lililoandikwa ubavuni: Hommes 40, Chevaux en long 8. Maana yake ni watu 40, au farasi 8 wakipangwa kwa urefu wa behewa. Behewa hilo halikuwa la muundo mmoja wala la kampuni moja. Lilikuwa kundi la mabehewa yaliyokaribiana kwa umbo na yaliyounganishwa na kipimo kimoja kilichowekwa na dola kwa mahitaji ya jeshi.

Umaarufu wa behewa hilo umegawanyika katika kumbukumbu tatu ambazo ni nadra kuwekwa pamoja. Kwa maveterani wa Marekani, ni ishara ya utani na udugu wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa manusura na wazao wa waliohamishwa kwa lazima kutoka Ufaransa kati ya 1942 na 1944, behewa la mizigo ni ishara ya maangamizi. Kwa miji mingi ya Marekani iliyopokea mabehewa hayo mwaka 1949, ni zawadi ya shukrani. Kila kumbukumbu ina makumbusho yake, sherehe zake na wasimulizi wake.

Makala haya yanadai kwamba kumbukumbu hizo tatu haziwezi kueleweka vizuri bila kuirejea historia ya kazi ya behewa lenyewe: jinsi lilivyopakiwa, lilivyohesabiwa, lilivyofungwa mlango, na lilivyosimamishwa njiani. Hoja kuu ni kwamba hakuna ukatili wala ukarimu uliojengwa ndani ya mbao na chuma cha behewa. Kilichobadilika kutoka safari moja hadi nyingine ni kanuni za uendeshaji na watu waliokuwa na mamlaka ya kuzitekeleza. Kwa sababu hiyo, swali la uwajibikaji halijibiwi kwa kulitazama behewa kama chombo kisicho na hatia, wala kwa kulitazama kama chombo kilicholaaniwa. Hujibiwa kwa kuwatazama waliolipanga, waliolifunga na waliolitoza nauli.

2.0 Behewa na kazi yake wakati wa amani

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, usafiri wa reli nchini Ufaransa uligawanywa baina ya kampuni kubwa zilizopewa maeneo yao: Nord, Est, Ouest, Paris-Orléans, Paris-Lyon-Méditerranée na Midi. Serikali nayo iliendesha mtandao wake, ambao kuanzia tarehe 1 Januari 1909 uliimeza kampuni ya Ouest. Kila kampuni iliagiza mabehewa yake, lakini mahitaji ya biashara yalifanana. Kwa hiyo behewa la kufunikwa lilifikia umbo ambalo halikutofautiana sana kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Lilikuwa na ekseli mbili, fremu ya chuma, kuta za mbao, paa lililopinda kidogo, na mlango mmoja wa kuteleza katika kila ubavu. Karibu na pembe za juu kulikuwa na matundu madogo yenye vifuniko vya kuingizia hewa. Mabehewa ya zamani ya aina hii yalikuwa na urefu wa takriban mita 6 na upana wa takriban mita 2.6, na mengi yalibeba tani 10.

Udogo huo ulikuwa na sababu zake. Wafanyabiashara wengi wa mji mdogo wa Ufaransa hawakuwa na shehena ya kujaza behewa kubwa. Behewa la tani 10 liliweza kusukumwa kwa mikono ya watu wachache au kuvutwa na farasi mmoja katika uwanja wa stesheni, likageuzwa kwenye meza ya kuzungushia, na kuingizwa ndani ya ghala. Lilibeba unga, sukari, sufu, sabuni, samani, mbolea na mifugo. Siku moja lilibeba magunia, siku ya pili likafagiliwa na kupakia ng’ombe. Sifa yake kubwa kibiashara ilikuwa kwamba halikuchagua mzigo.

Sifa hiyo ilitegemea kazi ya watu wengi wasioonekana katika takwimu. Karani wa stesheni aliandika hati ya shehena na kubandika lebo ubavuni. Wapakiaji waliandika alama kwa chaki. Wapanga mabehewa walipita kati ya bafa kufunga na kufungua minyororo, kazi iliyowajeruhi na kuwaua wengi. Kabla ya breki za hewa kuenea katika treni za mizigo, jambo lililotokea hasa baada ya 1918, mwendo wa treni ulizuiwa kwa breki za injini na breki za mkono. Breki hizo za mkono zilishikwa na wafanyakazi waliokaa katika vibanda vidogo vilivyojengwa mwishoni mwa baadhi ya mabehewa. Treni ya namna hiyo haikuweza kukimbia. Mwendo wake wa pole uliamua baadaye jinsi jeshi lilivyosafiri.

3.0 Kipimo cha kijeshi

Vita vya 1870 dhidi ya Prussia viliifundisha Ufaransa kwamba kuwa na reli si sawa na kuwa na mpango wa kuitumia. Askari walifika mahali ambapo silaha zao hazikufika, na mabehewa yaliyojaa vifaa yalikwama katika stesheni kwa kukosa wa kuyapakua. Baada ya kushindwa huko, dola ilianza kuutazama mtandao mzima wa reli kama akiba ya kijeshi. Sheria ya 1888 iliweka wazi kwamba wakati wa vita huduma za reli zingekuwa chini ya mamlaka ya jeshi.

Katika mpango huo, mabehewa ya abiria hayakutosha. Jeshi la mamilioni halikuweza kusafirishwa kwa siku chache kwa kutegemea viti vilivyokuwapo. Behewa la kufunikwa, kwa upande mwingine, lilikuwapo kwa wingi katika kila mtandao. Jambo lililobaki lilikuwa kulipa kipimo ambacho ofisa yeyote angeweza kukisoma bila kuuliza. Maandishi ya 40 na 8 yalitimiza kazi hiyo. Baadhi ya mabehewa yaliandikwa kiwango chenye ukomo wa chini na wa juu, yaani watu 32 hadi 40. Ofisa aliyehesabu mabehewa yaliyosimama stesheni alijua papo hapo ni askari wangapi na farasi wangapi wangeweza kuondoka.

Kipimo hicho hakikuwa cha kubahatisha. Farasi walipangwa wanne kila upande wa mlango, vichwa vyao vikielekea katikati, na nafasi ya mlangoni ikaachwa kwa watunzaji na malisho. Kwa watu, viliingizwa viti virefu vya mbao vinavyotolewa, na pete za kufungia wanyama zikabaki ukutani. Ikiwa eneo la sakafu lilikuwa karibu mita za mraba 16, basi kila mtu miongoni mwa 40 alipata takriban mita za mraba 0.4. Nafasi hiyo ilimtosha mtu kukaa, lakini haikumtosha kulala.

Umuhimu wa maandishi hayo kwa mwanahistoria ni kwamba yaliwaweka watu na wanyama katika safu moja ya uwezo wa kubeba, pamoja na tani. Hata hivyo, ni muhimu kutosoma mambo ya baadaye ndani ya mambo ya awali. Katika mawazo ya waliolipanga, kipimo cha 40 kilikuwa pia ukomo. Kilimwambia ofisa asipakie zaidi. Kilikuwa amri kuhusu uwezo na wakati huohuo ulinzi mdogo wa aliyebebwa. Ni upande huo wa pili wa namba uliokuja kupotea.

4.0 Vita vya Kwanza vya Dunia

Uhamasishaji wa jeshi la Ufaransa ulianza tarehe 2 Agosti 1914. Maelfu ya treni yaliondoka kwa ratiba zilizokuwa zimeandaliwa miaka kadhaa kabla. Msingi wa ratiba hizo ulikuwa kuzipa treni zote mwendo mmoja wa pole, ili isiwepo ya kuipita nyingine na nafasi kati yao ibaki ileile. Treni ya kawaida ya kijeshi ilikuwa na takriban mabehewa 50. Maofisa walipewa behewa la abiria, askari walipewa mabehewa ya kufunikwa, na mizinga na mikokoteni ilipakiwa juu ya mabehewa bapa. Mgawanyo wa vyeo ulionekana hivyo katika mpangilio wa treni yenyewe. Katika siku hizo za mwanzo, kuta za mabehewa ziliandikwa kwa chaki maneno ya kutangaza safari ya kwenda Berlin. Chaki ileile iliyotumika kuonyesha shehena inakwenda wapi ilitumiwa na askari kujipangia mwisho wa safari yao.

Milango ya mabehewa hayo ilibaki wazi. Picha nyingi za Agosti 1914 zinaonyesha askari wameketi mlangoni, miguu ikining’inia nje. Treni ziliposimama, walishuka kunywa maji, kupokea chakula na kujisaidia. Usumbufu ulikuwa mkubwa, lakini askari alibaki na uwezo wa kuuona mwanga, kujua mahali alipo, na kulalamika.

Tatizo lilijitokeza katika safari ya kurudi. Mabehewa yaliyopeleka askari na farasi mbele yalirudi yakiwa na majeruhi. Treni za hospitali zilikuwa chache mno kulinganisha na idadi ya walioumizwa katika mapigano ya Agosti na Septemba 1914. Majeruhi walilazwa juu ya majani makavu katika mabehewa ambayo muda mfupi kabla yalikuwa yamebeba farasi. Kinyesi cha farasi ni makazi ya vijidudu vya pepopunda, na jeraha lililo wazi likigusana na uchafu huo huweza kuua. Georges Clemenceau, wakati huo seneta na mhariri wa gazeti la L’Homme libre, aliichapisha kashfa hiyo mwishoni mwa Septemba 1914. Serikali ililisimamisha gazeti lake kwa siku kadhaa. Naye akalibadili jina kuwa L’Homme enchaîné, yaani kutoka mtu huru kuwa mtu aliyefungwa minyororo.

Tukio hilo lina uzito katika hoja ya makala haya. Wakati wa amani, kutokuchagua mzigo kulikuwa sifa ya behewa. Vitani, sifa hiyohiyo ikawa chanzo cha vifo, kwa sababu kazi ya kufagia na kusafisha iliyounganisha mzigo mmoja na mwingine iliachwa kwa kukosa muda na watu. Kosa halikuwa la mbao. Lilikuwa la mzunguko wa kazi uliokatwa katikati. Na kosa hilo liliweza kusemwa hadharani, hata kama msemaji aliadhibiwa, kwa sababu waliobebwa walikuwa raia na wana wa raia.

Si wote waliobebwa waliokuwa na sauti hiyo. Kuanzia Septemba 1914, vikosi vya Wahindi vya jeshi la Uingereza viliteremka Marseille na kupelekwa kaskazini kwa reli. Askari wa Kiafrika walioitwa tirailleurs sénégalais, ingawa walitoka sehemu nyingi za Afrika Magharibi, walifuata njia kama hiyo. Zaidi ya laki moja kati yao walipigana barani Ulaya. Kila majira ya baridi vikosi vyao viliondolewa kutoka mstari wa mbele na kupelekwa kwenye kambi za eneo la Fréjus na Saint-Raphaël, kisha kurudishwa majira ya kuchipua. Mzunguko huo wa kila mwaka ulitegemea reli, na behewa la kawaida la askari lilikuwa lile la 40 na 8. Pamoja na hayo, katika utamaduni maarufu wa behewa hili, safari zao hazina karibu nafasi yoyote. Kumbukumbu ya behewa ilijengwa na waliokuwa na vyama, magazeti na fedha za kuijenga.

Wamarekani walikuwa navyo vyote vitatu. Wanajeshi wa kwanza wa kikosi chao waliteremka Saint-Nazaire Juni 1917, na hadi mwisho wa vita karibu milioni mbili walikuwa wamefika Ufaransa. Kwa kijana aliyezoea mabehewa makubwa ya ekseli nne ya nchi yake, behewa dogo la Kifaransa lilikuwa kioja, na maandishi yake yakawa utani: aliyeingia alitaka kujua kama farasi wanane walikuwa ndani pamoja naye. Mwaka 1920, maveterani wa Marekani walianzisha mjini Philadelphia chama kilichoitwa La Société des Quarante Hommes et Huit Chevaux. Hivyo kipimo cha ofisi ya kijeshi kikawa jina la udugu.

5.0 Kati ya vita viwili

Mkataba wa kusitisha mapigano wa tarehe 11 Novemba 1918 uliitaka Ujerumani ikabidhi injini 5,000 na mabehewa 150,000. Kwa hiyo katika miaka ya 1920 treni za mizigo za Ufaransa zilichanganya mabehewa yaliyojengwa Ufaransa na yale yaliyojengwa Ujerumani. Makubaliano ya kimataifa kuhusu kubadilishana mabehewa, yaliyoanza kutumika katika muongo huo, yalirahisisha zaidi mwendo wa mabehewa kuvuka mipaka. Katika mfumo wa namna hiyo, behewa halikuwa na utaifa wa kudumu. Lilikuwa na mmiliki katika daftari, lakini kazi yake ilifuata mahitaji ya siku.

Tarehe 1 Januari 1938 mitandao mikubwa iliunganishwa na kuundwa Shirika la Taifa la Reli za Ufaransa, SNCF. Lilirithi mabehewa ya umri mbalimbali, mengine yakiwa yamejengwa katika miaka ya 1870 na 1880 na bado yakifanya kazi. Muungano huo uliweka usimamizi wa mabehewa yote mikononi mwa shirika moja. Jambo hilo lilikuwa na manufaa ya kibiashara. Miaka miwili baadaye liliwanufaisha pia waliolishinda taifa hilo, kwa sababu mkataba wa kusitisha mapigano wa tarehe 22 Juni 1940 uliziweka reli za eneo lililokaliwa chini ya amri ya Ujerumani, ilhali wafanyakazi na viongozi wa SNCF waliendelea kuziendesha.

Safari kubwa za kwanza za kipindi hicho zilikuwa za mateka wa vita. Askari wa Ufaransa takriban milioni 1.8 walitekwa, na wengi wao walipelekwa Ujerumani katika mabehewa ya mizigo. Askari weusi na wa makoloni, kwa uamuzi wa Wajerumani ambao hawakutaka kuwaona katika ardhi yao, kwa sehemu kubwa walizuiliwa katika kambi zilizobaki nchini Ufaransa. Tayari hapa mambo mawili yalikuwa yamebadilika: mlango wa behewa ulifungwa kutoka nje, na aliyeuamuru ufungwe hakuwajibika kwa aliyekuwa ndani.

6.0 Uhamishaji wa lazima, 1942–1944

Msafara wa kwanza wa Wayahudi kutoka Ufaransa kwenda Auschwitz uliondoka tarehe 27 Machi 1942 ukiwa na wanaume 1,112 waliochukuliwa Drancy na Compiègne. Msafara huo haukutumia mabehewa ya mizigo. Ulitumia mabehewa ya abiria ya daraja la tatu. Jambo hili ni la msingi kwa mtafiti, kwa kuwa linaonyesha kwamba behewa la mizigo halikuwa sharti la uhamishaji. Lilichaguliwa baadaye, misafara ilipoongezeka. Lilipatikana kwa wingi, lilibeba watu wengi katika treni fupi, na mlango wake uliweza kulindwa na askari wachache.

Uchaguzi huo ulionekana wazi katika kiangazi cha 1942. Tarehe 16 na 17 Julai, polisi wa Ufaransa waliwakamata katika eneo la Paris watu karibu 13,000, wakiwamo watoto zaidi ya 4,000. Familia zilipelekwa katika kambi za Pithiviers na Beaune-la-Rolande, ambako wazazi walitenganishwa na watoto. Wazazi waliondoshwa kwanza. Watoto walipelekwa Drancy na kupakiwa katika misafara ya Agosti. Kwa kawaida msafara ulibeba watu wapatao 1,000. Hadi katikati ya 1943 treni ziliondokea stesheni ya Le Bourget-Drancy, na baadaye stesheni ya Bobigny. Katika safari hizi na zile za wafungwa wa kisiasa kutoka Compiègne, namba ya 40 ilipoteza maana yake ya ukomo. Behewa moja liliweza kujazwa watu 60, 80, hata 100. Ndoo moja iliwekwa kwa haja zao, matundu ya hewa yakazibwa kwa waya, na safari ikachukua siku mbili hadi tatu. Tarehe 2 Julai 1944, katika joto kali, treni iliyoondoka Compiègne kwenda Dachau ikiwa na wanaume zaidi ya 2,000 ilipoteza mamia ya watu kabla ya kufika.

Mabehewa yaliyotumika yalitoka katika akiba za Ufaransa na za Ujerumani, zilizokwisha kuchanganyika kwa zaidi ya miaka ishirini. Uendeshaji wa safari ulifuata taratibu zilizozoeleka: kuagiza mabehewa matupu, kupanga treni, kuitengea nafasi katika ratiba, na kubadilisha wafanyakazi njiani. Madereva wa Ufaransa waliendesha hadi mpaka uliochorwa upya, katika stesheni ya Novéant, ambako wenzao wa Kijerumani walipokea. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyohitaji ujuzi mpya. Hilo ndilo linalosumbua zaidi katika historia ya kazi ya behewa hili: uhamishaji uliwezekana kwa taratibu zilezile zilizosafirisha unga na sabuni.

Hata hivyo, taratibu hutekelezwa na watu, na watu waliweza kutenda vinginevyo. Wafanyakazi wa reli waliokota vikaratasi vilivyotupwa kupitia nyufa na matundu, wakavituma kwa familia. Tarehe 31 Oktoba 1942, katika stesheni ya Montauban, dereva Léon Bronchart alikataa kuiendesha treni ya wafungwa. Alipewa adhabu ya kinidhamu, na mwaka uliofuata alikamatwa kwa kazi zake za upinzani na kupelekwa Buchenwald. Ndani ya mabehewa pia wapo waliopambana. Katika msafara wa tarehe 20 Novemba 1943, watu 19 waliruka na kutoroka. Mifano hiyo ni michache, na uchache wake hauruhusu kuijenga picha ya upinzani wa jumla. Lakini inatosha kukanusha dai kwamba mfumo haukuacha nafasi ya uamuzi.

Jumla ya Wayahudi waliohamishwa kutoka Ufaransa ilikuwa takriban 76,000. Waliorudi walikuwa wachache mno, karibu 2,500.

Suala la uwajibikaji liliibuka upya mahakamani miaka sitini baadaye, na likaibuka kupitia hati za uendeshaji. Mwaka 2006, mahakama ya kiutawala ya Toulouse ilizitia hatiani dola na SNCF kwa ajili ya familia iliyopelekwa Drancy mwaka 1944. Miongoni mwa yaliyozingatiwa ni kwamba shirika lilikuwa likidai malipo kwa nauli ya daraja la tatu ilhali waliobebwa waliwekwa katika mabehewa ya mizigo au ya mifugo. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ya Bordeaux iliibatilisha hukumu dhidi ya SNCF, kwa msingi kwamba mahakama ya kiutawala haikuwa na mamlaka juu ya shirika hilo. Kisheria dai dhidi ya SNCF lilishindwa. Kihistoria, hati ya malipo inabaki kuwa ushahidi mzito. Ubavuni mwa behewa waliobebwa walikuwa mzigo. Katika ankara walikuwa abiria. Ofisi iliyoandika ankara ilijua kwamba waliokuwa ndani ni watu.

7.0 Zawadi ya 1949

Baada ya ukombozi, mabehewa yaliyosalimika yalirudi katika kazi ya kubeba chakula na vifaa vya ujenzi, katika nchi ambayo madaraja na stesheni zake nyingi zilikuwa zimebomolewa. Mwaka 1947, kwa wito wa mwandishi wa habari Drew Pearson, wananchi wa Marekani walikusanya vyakula vilivyosafirishwa kwa treni ya urafiki na kupelekwa Ufaransa na Italia. Kutoka Ufaransa jibu lilipendekezwa na André Picard, mfanyakazi wa reli aliyekuwa pia askari wa zamani. Aliwaza kujaza zawadi katika behewa la 40 na 8 na kulipeleka Marekani. Wazo lilikua hadi kufikia mabehewa 49: moja kwa kila jimbo kati ya majimbo 48 ya wakati huo, na moja la pamoja kwa mji mkuu Washington na Hawaii. Yalipambwa kwa ngao za majimbo ya kale ya Ufaransa na kujazwa zawadi zaidi ya 52,000, kuanzia kazi za sanaa hadi midoli na michoro ya watoto. Meli Magellan iliyafikisha bandarini karibu na New York mwanzoni mwa Februari 1949.

Kwa mtazamo wa kazi, safari hiyo ilikuwa ya mwisho. Minyororo na breki za mabehewa hayo hazikulingana na zile za treni za Marekani, hivyo yalisafirishwa yakiwa yamebebwa juu ya mabehewa bapa. Chombo kilichobeba kikawa sasa ndicho kinachobebwa. Mengi yalikabidhiwa kwa matawi ya chama cha maveterani, yakawekwa katika bustani na makumbusho. Katika stesheni za Ufaransa, wenzao waliendelea kufanya kazi hadi walipoondolewa na mabehewa ya chuma ya kiwango cha kimataifa, pale za mbao na makontena.

Uchaguzi wa behewa la zawadi ulikuwa na mantiki kwa Picard na kizazi chake, ambao walilijua kwa vita vya 1914–1918. Wakati huohuo, miaka mitano haikuwa imetimia tangu msafara mkubwa wa mwisho kuondoka Drancy. Ukimya huo haupaswi kuchukuliwa kuwa unafiki wa wazi. Katika Ufaransa ya 1949, kumbukumbu ya umma iliwaenzi wapiganaji na wafungwa wa kisiasa, na hatima ya pekee ya Wayahudi haikuwa imepewa nafasi yake. Ilimbidi Rais Jacques Chirac asubiriwe hadi tarehe 16 Julai 1995 ndipo dola ikiri wajibu wake. Leo behewa la aina hiyo limesimama Drancy kama ukumbusho, na wenzake wamesimama katika miji ya Marekani yakiwa yamepakwa rangi na kupambwa kwa ngao. Atazamaye moja bila kulijua jingine anaona nusu ya historia.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi wa safari za behewa hili kutoka 1870 hadi 1949 unaonyesha kwamba vigezo vitatu vya kazi vinatofautisha safari moja na nyingine kwa uhakika kuliko umbo la behewa. Cha kwanza ni mlango: ulifungwa na nani, na kutoka upande gani. Cha pili ni namba: ilitumika kama ukomo wa kumlinda aliyebebwa, au iliachwa. Cha tatu ni kituo: treni ilisimama kwa mahitaji ya waliomo, au kwa mahitaji ya ratiba peke yake. Askari wa Agosti 1914 alikuwa na mlango wazi, namba iliyoheshimiwa na vituo vya kunywa maji. Majeruhi wa Septemba mwaka huohuo alinyimwa usafi, lakini alikuwa na msemaji. Mtoto wa Agosti 1942 alinyimwa vyote.

Vigezo hivyo vina faida kwa utafiti wa reli kwa jumla, kwa kuwa vinamrudisha mtafiti kwenye hati za kawaida: orodha za mabehewa matupu, ratiba, ankara, kanuni za upakiaji. Ni katika hati hizo ndimo uamuzi wa watu unamoonekana. Kusema kwamba behewa lilikuwa chombo tu ni kweli, lakini ni kweli isiyotosha, kwa sababu kila chombo hufika kazini kwa agizo la mtu. Maandishi ya ubavuni yalitaja wangapi wanaweza kubebwa. Kwa nini wabebwe, nani awafungie, na nani alipwe, hayo yaliamuliwa ofisini, na ndiyo maswali ambayo historia ya behewa hili inamwachia kila anayeiandika historia ya reli yoyote.